Jicho la Kushoto

Marikina
Jumamosi, 12 Machi 2011

Mwalimu Selmo,

Shikamoo huko kwenye mabwawa yako ya samaki. Najua masikio yako hayapokei simu tena, ndiyo maana naandika. Hata kama ungesikia, hili nisingeweza kulitamka. Nimeua mtu.

Ilikuwa Jumanne, saa mbili kasoro dakika nane asubuhi. Naelekea mashariki, mabehewa manne yamejaa watu wanapumuliana shingoni. Unaijua saa ile. Jua liko usoni kama moto wa fundi wa kuchomelea, halafu reli inashuka, handaki linakumeza, na jukwaa la stesheni ya chini liko pale pale. Mwendo wangu ulikuwa ule unaoruhusiwa. Honi nilipiga. Kitu kikaja mbele ya kioo, na kilikuwa na mikono. Nikavuta breki ya dharura nikaishikilia kama ulivyotufundisha, na treni ikaendelea kwenda, Mwalimu, ikaenda tu, na mimi nimo ndani yake.

Ulituambia habari za kioo. Ulituambia habari za damu, na kwamba tusishuke kabla umeme haujakatwa. Mlio hukuutaja. Ni kama mtu anavunja kitanda cha mianzi chini ya sakafu, kitanda kirefu sana, na hachoki.

Umeme ulipokatwa nilishuka. Kiatu kimoja kilikuwa kimebaki juu ya jukwaa, kamba zake zimefungwa vizuri. Mwili ulikuwa nusu chini ya behewa la kwanza na nusu chini ya la pili. Mwanamke mmoja abiria alikuwa anajipangusa shavu kwa leso, anajipangusa tu, hajui anajipangusa nini.

Marehemu anaitwa Rodel Macaspac, miaka thelathini na mmoja. Alikuwa karani wa ile kamari ya namba ya mtaani kwetu, iliyopigwa marufuku na kila mtu anaicheza. Alikuwa ameahidi kusimama mahakamani mwezi ujao na kumtaja tajiri wake. Kwa hiyo polisi hawasemi alijirusha, wanasema alisukumwa. Na unajua wamemkamata nani? Isko Baluyot, mlinzi wetu wa jukwaani, Isko wa filimbi! Kamera imemwonyesha kwa nyuma, mikono yake iko kwenye ukosi wa marehemu. Abiria wote wanasema walikuwa wanatazama simu zao.

Wapelelezi waliniuliza mara tatu. Nikawaambia nilitoka juani nikaingia gizani, sikuona kitu. Wakaandika, nikatia sahihi.

Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Padri aliponigusa paji la uso nikapiga kelele kanisani.

Kumpare wetu Estong, yule aliyemsimamia binti yetu Tala kwenye ubatizo, anakuja kila siku. Kaleta sufuria nzima ya tambi. "Kumare, kula," ananiambia. "Treni ndiyo iliyoua, si wewe." Arnel mume wangu anamshukuru sana.

Niambie usingizi hurudi baada ya siku ngapi.

Mwanafunzi wako,
Liwayway


Masantol, Pampanga
18 Machi 2011

Mwanangu Liway,

Usingizi hurudi vipande vipande, kama mgeni anayechungulia kwanza kama mbwa amefungwa. Usiufukuzie. Lala mchana ukiweza, dirisha likiwa wazi, karibu na watu wanaofanya kelele za kawaida: sufuria, redio, ugomvi wa majirani. Usile nyama kwanza. Watakapoweka kioo kipya kwenye treni yako, kiguse kwa kiganja kabla hujaendesha. Kioo kipya hakijui chochote, na mkono wako unahitaji kulijua hilo.

Mlio sikuutaja kwa sababu kila dereva husikia wake. Wangu ulikuwa wa gunia la nazi kudondoshwa ngazini. Kama ningewaambia wa kwangu mngekuwa mnausubiri kila siku.

Sasa nitakueleza kitu ambacho sijapata kukieleza darasani. Mwaka 2004, stesheni ile ya chini ilipokuwa mpya, nilimgonga mwanamke aitwaye Perla. Nilitoka juani. Nilikuwa kipofu kabisa kwa sekunde tano, na treni kwa sekunde tano inalimaliza jukwaa. Sikuona kama alijirusha au alitupwa. Mumewe alikuwa amesimama karibu. Tangu hapo, kila Siku ya Marehemu, dada yake Perla hunijia na swali hilo moja. Namwandalia kahawa, anakunywa, anaondoka bila jibu, kwa sababu sina.

Ndipo nikatafuta dawa. Jicho lililozoea jua huchelewa kuona gizani, lakini macho ni mawili, na kila moja huzoea giza lake peke yake. Ukilifunga la kushoto kuanzia ule ubao wa manjano wa mwendo, ukaendesha kwa la kulia, ukiingia handakini unalifungua la kushoto na linaona kama mwenyeji. Niliwafundisha nyote kumi na wawili. Wenzako walicheka, wakasema Mzee Selmo anawakonyeza mashetani wa handaki. Wewe peke yako hukuacha kamwe. Mara ya mwisho nilipopanda na wewe ulikuwa unapiga soga habari za bei ya nyanya, na jicho likajifunga lenyewe kwenye ubao.

Kuhusu Isko. Miaka sita nimemwona akidaka walevi na wazee kwenye mstari wa njano. Siku zote hudaka ukosi. Ukimtazama kwa nyuma utaapa anampiga mtu. Kwa mbele ndipo unaona kwamba anavuta kurudi. Kamera iko nyuma. Mbele yuko dereva tu.

Kwa hiyo nakuuliza mara moja, kwa upole, na sina haraka. Siku ile, ulilifunga jicho?

Mwalimu wako,
Anselmo Quiambao


Marikina
27 Machi 2011

Mwalimu,

Sikulifunga. Nilikuwa nimechoka, Tala alikuwa na homa, nikasahau. Watu husahau. Wewe hujawahi kusahau kitu?

Nilikuandikia unifariji, nawe umenijibu kama mpelelezi wa nne.

Belen, mke wa Isko, alikuja mlangoni Jumapili tukiwa mezani. Hakuingia. Alisimama pale na mwavuli wake akasema, "Dada, wamemng'oa meno mawili. Wanataka akiri. Mnyapara wa selo anamwambia kila asubuhi, sema ulimsukuma, upumzike." Nikamwambia, "Belen, mimi nilitoka juani." "Mume wangu alikuwa anakuletea mihogo ya kukaanga," akasema. "Kila Ijumaa. Anakupitishia dirishani." Kisha akatema mate kwenye kizingiti changu, akaondoka.

Estong alikuwa mezani. Akacheka. "Huyo mama ana mate mengi kuliko akili." Halafu akaniuliza, anachokonoa samaki: "Lakini kweli, kumare, pale hamwoni kabisa? Hata kivuli?" Nikamwambia hata kivuli. "Ndivyo ulivyotuambia siku ya ubatizo," akasema. Na kweli nilisema. Miaka sita iliyopita, bia zimewapanda wanaume kichwani, nikawa nawachekesha, nikasema sisi madereva tukiingia stesheni ya chini asubuhi ni vipofu kama kuku usiku, mtu anaweza kucheza ngoma uchi kwenye mdomo wa handaki tusimjue. Estong alicheka mpaka akamwagia bia shati la padri. Habari ya jicho sikuitaja. Niliona aibu, kwamba watasema nakonyeza mashetani.

Naomba uniandikie habari za samaki wako. Za Isko usiniandikie tena.

Liwayway


Masantol
5 Aprili 2011

Mwanangu,

Samaki hawajambo. Maji yamepungua na ndege wanawaiba.

Umenikataza kuandika habari za Isko, na mimi nimezoea kutii wanawake wenye hasira. Niliishi na mmoja miaka arobaini. Lakini Ijumaa nilipanda basi nikaenda kumwona mahabusu, na sitaweza kuandika barua ya kweli nikikificha nilichokiona.

Wamo watu sitini kwenye chumba cha watu kumi na wanane. Isko aliletwa wavuni, uso umevimba upande mmoja kama mkate. Akanisalimia kwa mkono wa kushoto. Nikamwuliza wa kulia una nini, akauficha nyuma kama mtoto. Nikamwambia, "Isko, lete hapa." Kidole cha shahada kimevunjwa. Waliweka mkono kwenye bawaba ya mlango wakafunga. Mnyapara alimwambia: hiki ndicho ulichomsukumia, kila wiki mbili usipokiri, kimoja. Kuna mtu wa nje anayepeleka sigara na kuku wa kukaanga kwa mnyapara huyo.

Isko hakulalamika. Alisema tu, "Mzee, nilikuwa nimeshamvuta. Nilikuwa nimeshampata kabisa. Ndipo nikala kiwiko cha uso kutoka kwa yule mwenye kofia ya bluu." Polisi hawataki kusikia habari za kofia.

Sasa nisikilize, nieleze jambo la ufundi tu. Isko anasema mtu yule alikuwa amesimama nyuma ya nguzo ya kwanza, iliyomficha kwenye kamera, kwenye mdomo wa handaki. Abiria hasimami pale. Behewa la kwanza hupapita pale bila kusimama, na mlango wa la mwisho haufiki. Aliyechagua pale hakutaka kupanda treni. Alitaka mahali ambapo treni ina mwendo mkubwa na dereva hana macho. Sasa, jambo hilo la macho halimo kitabuni, wala magazeti hayajaliandika. Tunalijua madereva, na wale tuliowasimulia.

Wewe mwenyewe umeniandikia ni nani aliyecheka mpaka akamwaga bia.

Sikuulizi tena swali langu. Kulisahau jicho si rahisi kama unavyosema, kwa sababu mazoea hayamngoji mtu akumbuke. Lakini kama unaogopa, sema unaogopa. Hofu naielewa, na inaweza kupangiwa kazi. Uongo sijui niuweke wapi.

Anselmo


Marikina
11 Aprili 2011

Mwalimu Selmo,

Naogopa.

Nililifunga. Nililifunga kwenye ubao wa manjano kama kila siku, na nilipolifungua jukwaa lote lilikuwa mbele yangu kama picha ukutani.

Nilimwona Estong. Amevaa kofia ya bluu ambayo Arnel alimpa Krismasi. Alikuwa amemkumbatia Rodel kiunoni kama marafiki, na kiganja kingine kimemziba mdomo. Isko anakuja mbio, filimbi mdomoni, akamdaka ukosi, akamvuta, na Rodel akarudi, Mwalimu, akarudi hatua mbili nzima. Alikuwa amepona. Estong akampiga Isko kiwiko cha uso, filimbi ikaruka, akamtia Rodel goti la mgongo. Rodel alikuja kwangu akinitazama. Si kweli kwamba wanaogongwa hufumba macho.

Halafu Estong akainua uso na kunitazama mimi. Akatabasamu. Alidhani anatazama kioo ambacho nyuma yake kuna kuku kipofu. Na ile sufuria ya tambi aliileta siku ile ile, bado ya moto.

Wewe unanijua nikiwa kibandani mwa treni. Nyumbani hunijui. Mtaani sote tunajua kwamba Estong ni mtu wa yule tajiri wa kamari. Kila Alhamisi Estong ndiye humchukua Tala shuleni, kwa sababu mimi niko zamu na Arnel yuko gereji. Anamnunulia barafu. Mtoto anamwita Baba Mdogo. Baada ya barua yako nilimwambia Arnel kila kitu, na Arnel, ambaye hajui kuficha hata zawadi, akamwambia Estong: "Kumpare, Alhamisi hii usijisumbue, nitamchukua mwenyewe." Basi, ni hivyo tu alivyosema. Estong akajibu, "Hewala, kumpare."

Ijumaa watu wawili wakaingia gereji, helmeti kichwani. Wakamwuliza Arnel, "Goti lipi linakuuma?" Akasema hakuna. Wakasema, "Litauma," wakalipiga la kulia kwa nondo mara nne. Fundi mwenzake alihesabu. Mfupa ulitoka nje ya suruali.

Jioni Estong akaja hospitali na machungwa. Akakaa kitandani pa mume wangu, akayamenya, akamlisha. Akaniambia, "Jiji limeharibika, kumare. Lakini wewe usiwe na wasiwasi. Wewe huoni kitu." Akanipa chungwa nami nikalila.

Unifundishe sasa. Umesema hofu inaweza kupangiwa kazi. Ipange.

Liway


Masantol
15 Aprili 2011

Mwanangu,

Umekula chungwa ukatoka hospitali ukiwa hai, na mtoto yuko hai. Hukukosea.

Kazi ya kwanza. Jumatano ijayo ni katikati ya Wiki Takatifu. Jiji zima linakwenda makwao na vituo vya mabasi vimefurika. Mtu mwenye mkongojo na mtoto hatazamwi. Watume Arnel na Tala kwangu. Mwambie Estong wanakwenda kuweka nadhiri ya goti. Ataamini, kwa sababu ndilo jambo ambalo watu wetu hufanya.

Kazi ya pili ni yako peke yako, na sitakusukuma. Nenda kwa mwendesha mashtaka, usipitie kituo cha polisi cha mtaani kwenu. Nimeuliza. Yupo mwanamke, Bi Lacsamana, ambaye Rodel alikuwa ameahidi kumpelekea ushahidi. Ana hasira yake tayari.

Kazi ya tatu ni yangu. Bi Lacsamana atakuambia kile atakachosema wakili yeyote: dereva anayetoka juani haoni, na wewe mwenyewe ulitia sahihi hivyo. Maneno hayatamshawishi. Mwombe apande na wewe kibandani, asubuhi, saa ile ile, jua lile lile. Mimi nitasimama kwenye nguzo ya kwanza, ndani ya mstari wa njano, na nitainua vidole. Idadi hutaijua wewe wala yeye. Ukivihesabu, umetoa ushahidi. Usipovihesabu, basi mimi ni mzee aliyewakonyesha vijana bure.

Belen ameniandikia mistari miwili. Vidole sasa ni viwili. Cha tatu ni baada ya Pasaka. Sikuandikii ili uumie. Dereva lazima ajue umbali uliobaki.

Anselmo


Marikina
Jumatatu, 18 Aprili 2011

Mwalimu,

Watafika Jumatano jioni. Tala hali dagaa. Arnel akikuambia haumwi, anaumwa.

Mimi naingia kwa Bi Lacsamana kesho saa tatu. Njoo Jumanne ya baada ya Pasaka. Usimwambie mtu.

L.


Mahali ambapo sitapataja
6 Mei 2011

Mwalimu Selmo,

Siku ile hatukupata hata dakika ya kuzungumza, walikuondoa kwa gari na mimi kwa jingine. Wewe ulikuwa jukwaani, hujui yaliyokuwa kibandani.

Bi Lacsamana alisimama nyuma ya kiti changu, ameshika mkoba kama anapanda mlima. Mara ya kwanza tukaingia, nikasema, "Vinne." Akasema, "Vinne vya nani? Mimi sijaona hata mtu." Wakampigia simu karani wake aliyesimama karibu nawe, akasema vinne. "Bahati," akasema. "Turudie." Mara ya pili nikasema, "Ngumi. Hakuna kidole." Karani akathibitisha. Bi Lacsamana akaweka mkoba sakafuni. Mara ya tatu akaniambia, "Nionyeshe huo ubao wa manjano," naye akafunga jicho lake mwenyewe kwa kiganja. Tukaingia. Akatoa kiganja. "Viwili," akasema, sauti ndogo. Kisha akasema, "Na mzee kavaa shati ndani nje." Mwalimu, nilicheka. Pale pale, juu ya reli zile zile. Nililia na kucheka mpaka akashika honi kwa makosa.

Estong walimkamata siku mbili baadaye kwenye kituo cha basi. Lakini kabla ya hapo alipita nyumbani. Sikuwepo. Alipiga risasi kumi na moja kupitia ukuta wa jikoni, kwa urefu wa mtu aliyekaa mezani. Moja imetoboa sufuria yake mwenyewe ya tambi, sikuwa nimemrudishia. Jirani, mama wa saluni, imempita begani. Ataishi.

Walinikutanisha naye ili nimtambue. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyeibiwa. "Kumare," akasema, "wewe ulitoka juani. Ulisema mwenyewe, mbele ya padri." Nikamwambia, "Jicho moja tu, kumpare." Akatazama jicho langu moja, kisha la pili, akitafuta lipi. Akaruka meza. Askari watatu walimwangusha, na mpaka anafikishwa mlangoni alikuwa bado na shungi la nywele zangu mkononi.

Kuhusu Isko. Amri ya kumhamisha ilitiwa sahihi Jumatano ya baada ya Pasaka, saa kumi jioni. Ilifika selo Alhamisi asubuhi. Kati ya hapo mnyapara alikuwa amesikia kwamba kuna shahidi. Kavunja cha tatu.

Nataka kwenda kwa Belen kupiga magoti. Niende?

Liway


Masantol
20 Mei 2011

Mwanangu Liway,

Tala sasa anakula dagaa. Arnel anatembea mpaka bwawa la pili na kutukana ndege.

Umeniuliza kuhusu Belen. Usiende sasa. Kuna msamaha ambao mtu huuomba ili yeye mwenyewe apumzike, na humlazimisha aliyeumizwa afanye kazi ya kumbembeleza. Isko ameachiwa, na Belen ana mume wa kulisha kwa kijiko. Mwache amlishe. Kama ana neno la kukuambia atalisema, na ukilisikia usijitetee.

Najua unahesabu siku, kutoka tarehe nane Machi mpaka tarehe kumi na tisa Aprili. Sitakuambia usihesabu. Lakini hesabu sawasawa: bawaba haikufungwa na wewe, na mlango ulifunguliwa na wewe. Yote mawili yataandikwa pamoja na hakuna litakalofuta lingine.

Dada yake Perla alikuja wiki iliyopita, si siku yake. Alisoma habari za handaki gazetini. Nilidhani amekuja kunilaumu kwamba jicho lile nililigundua nikiwa nimeshachelewa. Alikunywa kahawa, akaniomba nimfundishe namna ya kulifunga. Tukatoka juani tukaingia ghalani, tukatoka tukaingia, wazee wawili, mpaka akaweza kusoma maandishi ya magunia. Alinishika mkono akaenda zake.

Shati nalivaa sawasawa siku hizi. Tala hunikagua.

Anselmo


Marikina
18 Julai 2011

Mwalimu Selmo,

Leo nimerudi kibandani.

Wamenipa treni ile ile. Kioo nilikigusa kwa kiganja, kilikuwa baridi na hakikujua chochote. Mkuu wa zamu akaniuliza kama nataka njia ya magharibi kwanza, isiyo na jua. Nikakataa. Tangu stesheni ya kwanza, kila nilipofunga milango niliona mikono ya watu tu.

Isko amerudi kazini pia, wiki moja kabla yangu. Walitaka kumweka getini, kwenye kiti, akaomba jukwaa lake. Sikujua. Hakuna aliyeniambia, labda kwa kuniogopea.

Nikafika kwenye ubao wa manjano. Jicho likajifunga. Reli ikashuka, nikaingia, nikafungua.

Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya kwanza, nyuma kidogo ya mstari, filimbi mpya shingoni, meno mawili hayapo. Belen amemsimulia habari za majaribio yako na vidole. Akaniona ninakuja, akainua mkono wa kulia juu, peupe kabisa, ili nihesabu.

Vitano ndivyo alivyojaribu kuinua, Mwalimu. Vilivyonyooka ni viwili, kidole gumba na kile kidogo cha mwisho. Vile vitatu vya katikati vimejikunja, na havitanyooka tena.

Nikapiga honi mara mbili.

Akatikisa kichwa, kama mwalimu anavyomkubalia mtoto aliyejibu sawa, akageuka, akapuliza filimbi, akaanza kuwafukuza watu kwenye mstari.

Amesema atainua mkono kila asubuhi. Nami kila asubuhi nitahesabu vyote, na vile visivyonyooka.

Mwanafunzi wako,
Liwayway